Kutoka "leiding geven" hadi "managed": kutafsiri maneno ya uongozi ya Kiholanzi kwa Kiingereza

Swali la msomaji anayeishi Rotterdam: "Nimefanya kazi ghalani kwa miaka kadhaa, Kiholanzi kitupu. Sasa naomba kazi kwenye kampuni inayotumia Kiingereza. Nimetafsiri wasifu wangu na barua ya sifa niliyopewa na bosi wa zamani, na kila penye habari ya uongozi nimeweka 'lead' au neno la karibu yake: 'I gave leading to twelve people', 'my direct leader', 'I pulled the cart'. Rafiki yangu aliyesomea Nairobi anasema hicho si Kiingereza. Lakini kamusi inasema 'leiden' ni 'to lead'. Kosa liko wapi, na misemo kama 'de kar trekken' niifanyeje?"

Jibu:

Dada, kamusi yako haikukosea. Imejibu swali fupi kuliko lako. "Leiden" ikiwa peke yake ni "to lead" kweli, lakini katika maandishi ya kazini Uholanzi na Ubelgiji mara nyingi haikai peke yake. Hushikamana na kiambishi, kihusishi au nomino, na kila inaposhikamana maana huhama. Kiingereza nacho kina desturi yake: huchagua kitenzi kwa kuangalia kile kinachoongozwa. Kampuni huwa "run", wafanyakazi "manage", kikao "chair", okestra "conduct", nchi "govern", wageni wa makumbusho "show round", na maandamano ndiyo "lead". Ukitumia "lead" kwa vyote hivyo, msomaji atakuelewa nusu na atajua umetafsiri.

Una nyenzo moja ambayo Mholanzi hana, nayo ni Kiswahili. Sisi pia hatutumii kitenzi kimoja kwa kila aina ya uongozi. Mtu anaendesha biashara, anasimamia vibarua, anafundisha wageni kazi, anawatembeza wageni, anatangulia njiani, anaongoza msafara. Kwa hiyo, kabla hujaandika Kiingereza, iseme sentensi ya Kiholanzi kwa Kiswahili cha kawaida, kama unavyomweleza mtu wa nyumbani. Ukijikuta umesema "kuendesha", tafuta "run" au "operate". Ukisema "kusimamia", tafuta "manage" au "supervise". "Kufundisha kazi" ni "train". "Kutangulia" ni "go ahead" au "lead the way". "Kusababisha" ni "lead to" au "result in". Ni pale tu unapobaki na "kuongoza" tupu, yaani watu wanafuata nyuma ya mtu au nyuma ya wazo lake, ndipo "lead" inapokaa vizuri. Chujio hili linavuja mahali pamoja pakubwa: sisi husema kuongoza kikao, lakini Kiingereza husema "chair a meeting". Hiyo ikariri tu.

Sasa tuichukue sentensi uliyoninukulia kutoka kwenye barua ya sifa, maana ina karibu kila mtego:

"Zij gaf leiding aan twaalf medewerkers, stuurde de uitzendkrachten aan, leidde nieuwe collega's op en trok de kar bij de verhuizing naar het nieuwe magazijn, die zij in goede banen leidde."

"Gaf leiding aan" ni maneno matatu yanayofanya kazi ya kitenzi kimoja. "Leiding" ni nomino, "geven" hapa haina maana ya kutoa kitu, na "aan" huonyesha walio chini yako. Usiyatafsiri moja moja. Uamuzi wako ni kati ya "managed" na "supervised", na unategemea ulichokuwa ukifanya hasa. Kama ulikuwa unaidhinisha likizo, unafanya tathmini ya mwaka na una neno katika kuajiri au kumwachisha mtu kazi, andika "managed". Kama ulikuwa unagawa kazi za zamu na kuhakikisha zinakwenda, andika "supervised". Uingereza wana pia "line-managed", ambayo hutaja wazi kuwa wewe ndiye bosi wao wa moja kwa moja kwenye ngazi za kampuni. Kwa hiyo "mijn direct leidinggevende" Uingereza ni "my line manager", na Marekani ni "my direct supervisor" au "my manager" tu. "My direct leader" inasikika kama unazungumzia kiongozi wa chama au wa dhehebu, kwa sababu "leader" katika Kiingereza humwita zaidi mtu mwenye wafuasi. Ipo "team leader", ambayo ni cheo halali na inalingana na "teamleider", lakini ikikatwa hiyo "team" haisimami vizuri.

Angalia pia "leidinggevende functie". Hiyo ni "management position" au "supervisory role". Ukiandika "leading position", Mwingereza ataelewa kwamba kampuni inashika nafasi ya mbele sokoni.

"Stuurde de uitzendkrachten aan" inatuleta kwenye chanzo cha makosa mengi kuliko yote: vitenzi vya Kiholanzi vinavyogawanyika. Kitenzi ni "aansturen", lakini katika sentensi kuu kiambishi "aan" hubanduka na kwenda kukaa mwisho. Aliyesoma haraka anaona "stuurde de uitzendkrachten" na kuandika "sent the agency workers", kwa kuwa "sturen" ni kutuma. Huo ni upotoshaji kamili: umewafukuza vibarua uliokuwa ukiwaelekeza. Kanuni yangu haina masharti. Usiguse kitenzi cha Kiholanzi kabla hujafika kwenye nukta, au kwenye mkato unaofunga kishazi, na kuangalia kama kuna kipande kilichoachwa pale.

"Aansturen" kwa watu ni "supervise", "coordinate" au "manage", na kwa vibarua wa wakala mimi ningechukua "supervised", maana kwa kawaida mwajiri wao rasmi ni wakala. Kwa mashine ni "control" au "drive": "de motor wordt elektronisch aangestuurd" ni "the motor is electronically controlled". Ikija na "op" maana inageuka tena: "de vakbond stuurt aan op een staking" ni "the union is pushing for a strike". Hapo hakuna anayeelekezwa, kuna lengo linalotafutwa.

"Leidde nieuwe collega's op" ni mtego uleule, na hapa "leidde" imekaa wazi kabisa ikikuita uandike "led". Kitenzi ni "opleiden", kumfundisha mtu kazi au fani: "trained new colleagues". Nomino yake, "opleiding", unaiona kwenye kila wasifu wa Kiholanzi kama kichwa cha sehemu ya elimu. Kwa Kiingereza kichwa hicho ni "Education". Ndani ya sentensi inaweza kuwa "degree programme", "course" au "training", kulingana na mahali mtu aliposomea.

Familia hii ya "leiden" ni kubwa, na inafaa kuijua kwa mkupuo mmoja. "Inleiden" ni kutanguliza au kufungua mada, "introduce". Lakini kwenye barua ya hospitali, "de bevalling wordt ingeleid" ni "labour will be induced", yaani uchungu utaanzishwa na wahudumu bila kusubiri uje wenyewe. Anayeandika "introduced" pale anamkosesha mama mjamzito taarifa ya maana sana. "Afleiden" ina maana tatu zisizofanana: kumtoa mtu kwenye anachofanya, "distract", kufikia hitimisho kutoka kwenye ushahidi, "infer", na kupata kitu kutoka kwenye kingine, kama neno kutoka Kilatini, "derive". Kinachokuambia ni ipi ni sarufi. Ikiwa na mtu kama yambwa, "hij leidt mij af", ni "he is distracting me". Ikiwa na "uit" au "daaruit", ni "infer". Ikiwa na "van", mara nyingi ni "derived from", ingawa "afgeleid van zijn werk" bado ni mtu aliyetolewa mawazo kazini. "Omleiden" ni kuchepusha magari, na kibao cha "omleiding" barabarani ni "diversion" kwa Waingereza, "detour" kwa Wamarekani. "Rondleiden" ni kutembeza wageni. "Misleiden" ni "mislead", "verleiden" ni "tempt" au "seduce", na "herleiden tot" ni kurudisha kitu kwenye asili yake au kukipunguza hadi umbo rahisi, "trace back to" au "reduce to". Hivi vitatu vya mwisho havigawanyiki, kwa hiyo hukusumbua kidogo zaidi.

"Begeleiden" inastahili muda wake, hasa kwa wanaofanya kazi za malezi na uuguzi. Wengi huandika "guide", lakini "guide" ni mtu wa kuonyesha njia, kama kwenye utalii. Mwalimu anayesimamia tasnifu "begeleidt" mwanafunzi: "supervises". Mtu mzima anayesafiri na mtoto: "accompanies". Mpiga piano nyuma ya mwimbaji: "accompanies" tena. Mfanyakazi anayemsaidia mtu mwenye ulemavu kupanga siku yake: "supports", na cheo chake ni "support worker". "Begeleid wonen" ni "supported living". Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: anayesaidiwa anahitaji nini? Uangalizi, kampani, au msaada?

Kuna "geleiden" pia, nayo ni ya umeme na joto: shaba "geleidt", "conducts". "Halfgeleider" ni "semiconductor", neno utakalolikuta kila siku ukiomba kazi upande wa Eindhoven na Veldhoven, iliko ASML, kampuni ya mashine za kutengenezea chipu za kompyuta. Na "leiding" yenyewe, mbali na uongozi, ni bomba au waya. "De leiding is gesprongen" ni bomba lililopasuka, wala hakuna uongozi uliovunjika, na "leidingwater" ni "tap water". Kwenye barua za mwenye nyumba hili hutokea mara kwa mara, na programu ya kutafsiri ikipewa neno moja bila sentensi yake haina njia ya kujua unataka lipi.

Turudi kwenye barua yako. "Trok de kar" kwa neno moja moja ni "alivuta mkokoteni". Mholanzi akisema hivyo anamsifu mtu aliyebeba sehemu kubwa ya juhudi na kuwavuta wengine, awe na cheo au asiwe nacho. Kiingereza hakina mkokoteni huo. Kinachobeba sifa ileile ni "was the driving force behind the move". "Spearheaded" hutumika sana kwenye wasifu na si kosa, ila husema zaidi habari ya kuanzisha na kuwa mstari wa mbele kuliko jasho. Kama unataka jasho lionekane kwa lugha isiyo rasmi sana, "did most of the heavy lifting" inafaa, lakini tahadhari: katika sentensi ya kuhamisha ghala, msomaji atadhani ulibeba maboksi. Ukikutana na "trekker van het project", hiyo ni "project lead". Na usichanganye na "iemand voor zijn karretje spannen", maana hapo mkokoteni ni wa mwingine na wewe ndiye umefungwa kuuvuta: kumtumia mtu kwa manufaa yako, "to use someone for one's own ends".

"In goede banen leiden" ina "banen", wingi wa "baan", ambayo ni njia au mkondo wa kitu. Hiyo hiyo ni ajira, na nimeshaona "led into good jobs" imeandikwa kwa moyo safi kabisa. Maana ni kuhakikisha jambo lenye uwezekano wa kuvurugika linakwenda kwa utaratibu. Kiingereza hubadilika kufuata jambo lenyewe. Kwa uhamisho: "made sure the move went smoothly". Kwa mjadala: "kept the discussion on track". Kwa umati wa Amsterdam siku ya Koningsdag, yaani sikukuu ya mfalme, 27 Aprili, polisi "kept the crowds moving in an orderly way". Hakuna mahali "lead" inapohitajika.

Sentensi nzima basi inakuwa:

"She managed a staff of twelve, supervised the agency workers, trained new colleagues and was the driving force behind our move to the new warehouse, which went smoothly thanks to her."

Hakuna "lead" hata moja, na hakuna sifa iliyopotea. Kumbuka "magazijn" ni ghala, "warehouse", usije ukaandika "magazine".

Kwa kuwa unaelekea kwenye kampuni, kuna maneno mengine manne ya meza za ofisi. La kwanza ni "leidend", na ndilo ninalolisisitiza kuliko yote kwa sababu linaingia kwenye mikataba. "Bij verschillen is de Nederlandse tekst leidend" inasema kwamba matini mbili zikitofautiana, ya Kiholanzi ndiyo inayofuatwa: "In the event of any discrepancy, the Dutch text shall prevail." Ukiandika "the Dutch text is leading", Mwingereza hataona nguvu ya kisheria ndani yake, na kifungu kizima kinakuwa na utata siku mnapogombana. Kwenye mazungumzo ya kawaida, "de planning is leidend" ni "we go by the schedule". Kiingereza chao cha "leading company", yaani kampuni ya mstari wa mbele, Kiholanzi hukisema "toonaangevend bedrijf".

La pili ni "bestuur" na "bestuurder". "Bestuur" la chama cha michezo au cha Waafrika mtaani kwenu ni "committee" kwa Waingereza, au "board". La kampuni kubwa, Uholanzi hutenganisha vyombo viwili: "raad van bestuur" inayoendesha, "executive board", na "raad van commissarissen" inayoangalia waendeshaji, "supervisory board". Wale "commissarissen" hawahusiani na polisi, kwa hiyo "commissioners" haifai. "Bestuurder" inaweza kuwa mjumbe wa bodi au dereva: kwenye taarifa ya ajali "de bestuurder raakte gewond" ni "the driver was injured". Ubelgiji, tangu sheria mpya ya makampuni ianze kutumika Mei 2019, anayeendesha kampuni ya aina ya BV, yaani kampuni binafsi ya dhima yenye kikomo, huitwa "bestuurder" badala ya "zaakvoerder" wa zamani, na Kiingereza chake ni "director". "Gedelegeerd bestuurder" wa Kibelgiji ni "managing director". Wasomaji wetu wa Antwerpen na Gent walitie hilo maanani, kwa sababu tafsiri zilizozoeleka upande wa Uholanzi haziendani kila mara na vyeo vyao.

La tatu ni "voorzitten", kuongoza kikao, nacho hugawanyika: "de burgemeester zit de gemeenteraad voor", "the mayor chairs the municipal council". Ongeza maelezo mafupi kama msomaji wako hajui mfumo wa huko, maana meya wa Kiholanzi huteuliwa kwa amri ya mfalme kwa muhula wa miaka 6, hachaguliwi na wananchi moja kwa moja kama wanavyodhani wengi wanaposoma "mayor". Katika siasa utakuta pia "lijsttrekker", aliye namba moja kwenye orodha ya wagombea wa chama: "lead candidate". Mara nyingi huyo ndiye kiongozi wa chama, lakini vyeo ni viwili.

La nne, "regie", limetapakaa kwenye barua za manispaa na za vituo vya malezi. Kwenye filamu "regisseur" ni "director", lakini "de gemeente voert de regie" haina filamu: manispaa inaratibu na ina neno la mwisho, "the municipality is in charge of overall coordination". "Eigen regie" ya mgonjwa au mzee ni haki yake ya kuamua mambo yake: "control over his or her own life". Ukiandika "own direction" umepoteza haki hiyo njiani.

Kuhusu misemo, ushauri wangu ni kutokimbilia msemo wa Kiingereza unaofanana kwa sura. Inayofanana ndiyo inayoangusha. "Belhamel" kwa asili ni kondoo dume aliyehasiwa na kufungwa kengele, na "bellwether" ni mnyama yuleyule. Lakini Mholanzi akisema "belhamel" anamaanisha mtundu anayewaongoza wenzake kwenye fujo, "ringleader", wakati "bellwether" ya leo ni kiashiria cha mwelekeo, kama jimbo ambalo matokeo yake hutabiri uchaguzi. "Iemand bij de neus nemen" ni kumdanganya mtu, "to fool someone", huku "lead someone by the nose" ni kumtawala mtu mpaka afanye kila utakalo. "De touwtjes in handen hebben" ni kuwa na mamlaka mkononi, waziwazi na kwa halali: "to be in charge" au "to hold the reins". "Pull the strings" ina mtu aliyejificha nyuma ya pazia, na Kiholanzi chake ni "aan de touwtjes trekken". Tofauti ya kitenzi kimoja tu, na sifa imegeuka tuhuma.

"Om de tuin leiden" imekaribiana zaidi na Kiingereza. "Tuin" zamani ilimaanisha ua wa kuzungushia, na Waingereza wana "lead someone up the garden path", Wamarekani "down". Zote ni ulaghai. Hata hivyo msemo wa Kiingereza una mtu anayepumbazwa polepole kwa matumaini ya uongo, wakati wa Kiholanzi hutumika hata kwa tapeli aliyepiga simu moja na kuondoka na pesa. Kwa tukio la namna hiyo andika "tricked" au "conned", na kwenye hati rasmi "deceived" au "misled".

"Het voortouw nemen" ni rahisi: "take the lead" au "take the initiative". "Aan het roer staan" ni "be at the helm", sawasawa. "De lakens uitdelen", kugawa mashuka kwa neno moja moja, ni "call the shots". "De scepter zwaaien" inaweza kuwa "hold sway", lakini bibi anayeitawala jiko lake "rules the kitchen" tu, bila fimbo ya kifalme. "De broek aanhebben" ni "wear the trousers" Uingereza na "wear the pants" Marekani. "De eerste viool spelen" usiibadilishe kuwa "play first fiddle", kwa sababu Kiingereza cha leo huutumia zaidi upande wa pili, "play second fiddle". Andika "call the tune". "Haantje de voorste" ni mwenye kimbelembele, na ukiikuta kwenye barua ya sifa jua mwandishi hakusifu sana: "always has to be first".

Wakati mwingine Kiswahili hukupa picha ileile. Waholanzi huonya kuhusu "twee kapiteins op één schip", manahodha wawili katika meli moja, na sisi tuna "manahodha wengi, chombo huenda mrama". Mantiki ni moja kabisa, ya watu wa bahari. Kiingereza kina "too many cooks spoil the broth", lakini hiyo husema wasaidizi wengi huharibu kazi, wala haigusi wawili wanaogombea usukani. Kwa hiyo hapo acha methali ya wapishi na uandike "a ship can only have one captain".

"Voorgaan" nayo hutatanisha. Mchungaji "gaat voor in de dienst", na Kiingereza kinakubali "leads the service". "Zal ik u voorgaan?" ni "Shall I lead the way?" Lakini mlangoni, Mholanzi akikunyooshea mkono na kusema "gaat u voor", Kiingereza chake ni "After you". "Voorganger" kanisani ni mchungaji, na kwenye wasifu ni aliyekutangulia kwenye kazi hiyo, "predecessor".

Michezoni nitapita haraka. "Ajax kwam op voorsprong" ni "Ajax took the lead", ingawa "leiden" haipo kabisa kwenye Kiholanzi chake. Kwenye baiskeli, "op kop rijden" ni kukaa mbele ukikata upepo, "riding at the front", na anayefanya hivyo mara nyingi ni msaidizi ambaye hana mpango wa kushinda. Anayeongoza jumla ya muda "leidt het klassement". "Kopman" ni yule anayefanyiwa kazi na wenzake wote, "team leader".

Kabla ya kutuma, fanya ukaguzi wa aina tatu. Kwanza tahajia ya Kiholanzi: "leiden" na "lijden" hutamkwa sawa, na hata Waholanzi huzichanganya kwa maandishi. "Het bedrijf lijdt verlies" ni kampuni inayopata hasara, "is making a loss". "Leidde" ni wakati uliopita wa kuongoza, "leed" ni wa kuteseka. Ukiona sentensi haina mantiki, shuku kwamba mwandishi ameandika "ei" badala ya "ij". Pili, vyeo vya serikali na vya Umoja wa Ulaya usivibuni. Hifadhidata ya istilahi ya IATE iko wazi kwa umma na ina Kiholanzi na Kiingereza bega kwa bega, na tovuti ya serikali ya Uholanzi, government.nl, inaonyesha wao wenyewe wanaitaje wizara na nyadhifa zao. Tatu, tafuta "lead" katika faili lako zima na uulize kila moja inaongoza nini. Zitakazobaki, kama ni za wakati uliopita, ziandike "led". "Lead" inayotamkwa kama "led" ni madini ya risasi, na kikagua tahajia hakitakuonya, kwa sababu kwake yote mawili ni maneno sahihi.